Hadhira Kabla ya Chapa: Usomaji wa Hadharani na Lugha ya Mazungumzo katika Tamthiliya Mpya ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki nafasi ya usomaji wa hadharani katika ukuzaji wa tamthiliya mpya ya Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba mrejesho wenye thamani kubwa zaidi katika usomaji huo haumo katika maoni yanayotolewa mwishoni, bali umo katika yale yanayoipata lugha ya mazungumzo inapopita kinywani mwa wasomaji na masikioni mwa hadhira. Kwa kurejelea mchakato wa Ngaahika Ndeenda huko Kamĩrĩthũ (1977), Der Jasager ya Bertolt Brecht (1930) na baadhi ya tamthiliya za Kiswahili, makala yanatofautisha mwitiko, masahihisho na maoni, na kudai kuwa kuvichanganya vitu hivi vitatu ndiko kunakofanya vikao vingi vya usomaji viishie katika pongezi.

1. Utangulizi

Tamthiliya ya Kiswahili humfikia mtu kwa mara ya kwanza kwa mojawapo ya njia mbili. Ama inaigizwa na kikundi ambacho mwandishi mwenyewe anakifahamu, aghalabu chuoni, ama inachapishwa na kusomwa darasani kabla haijawahi kusikika. Njia hii ya pili imezidi kupata nguvu kadiri tamthiliya ilivyojikita katika mitihani ya sekondari, Tanzania na Kenya. Ipo hatua ya katikati: kusoma rasimu kwa sauti mbele ya watu, karatasi zikiwa mkononi, bila maleba wala mapambo ya jukwaa, kuisikiliza hadhira, kisha kurudi mezani na kuandika upya. Hatua hii haijapata makao katika uandishi wetu. Inapofanyika, hufanyika kama hafla, na mgeni rasmi huwapo.

Kwingineko hatua hii ni taasisi kamili. Kituo cha Eugene O'Neill kilichoanzishwa mwaka 1964 huko Waterford, Connecticut, kimeijenga sifa yake juu ya usomaji wa tamthiliya ambazo hazijakamilika. Hapo ndipo August Wilson alipopeleka Ma Rainey's Black Bottom mwaka 1982, miaka miwili kabla haijaonyeshwa Yale. Afrika Mashariki nayo imepata warsha za namna hiyo, mathalani ile ya Taasisi ya Sundance iliyofanyika Kisiwa cha Manda, Lamu, mwaka 2010, na Tamasha la Kimataifa la Tamthiliya la Kampala lililoanza mwaka 2014. Kwa hiyo wazo lenyewe si geni. Ambalo halijajadiliwa vya kutosha ni swali la kiisimu: hadhira inapoipokea tamthiliya ambayo bado ni rasimu, inarejesha nini hasa, na mwandishi akisikilize kipi?

Katika mazoea yetu, neno mrejesho limebebeshwa kila kitu. Makala haya yanalitenga katika mafungu matatu. Mwitiko ni lile linalotokea wakati usomaji unaendelea: kicheko, mguno, ukimya, mtu kumalizia sentensi kabla ya mhusika. Masahihisho ni pale msikilizaji au msomaji anapobadilisha neno, kwa kujua au kwa kutojua. Maoni ni yale yanayosemwa baadaye, kipaza sauti kinapopitishwa. Utaratibu wetu wa sasa unaupuuza mwitiko, unayaonea haya masahihisho, na kuyapa maoni saa nzima. Ninadhani mpangilio huo umepinduka.

2. Kamĩrĩthũ: marekebisho yaliyoanzia katika lugha

Mfano ulioelezwa vizuri zaidi katika ukanda wetu hauko katika Kiswahili. Ni Ngaahika Ndeenda, iliyotungwa kwa Kigĩkũyũ na Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa ajili ya kituo cha elimu na utamaduni cha Kamĩrĩthũ, Limuru, na ambayo baadaye wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Historia yake ya kisiasa inafahamika: ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977, kibali chake kikaondolewa katikati ya Novemba mwaka huohuo, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Wahakiki wengi wameishia hapo. Kwa sababu hiyo, Kamĩrĩthũ imekuwa mfano wa dola kuogopa tamthiliya, na si mfano wa namna tamthiliya inavyotengenezwa.

Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ anaeleza kuwa muhtasari wa kwanza ulikuwa tayari mnamo Aprili 1977, na kwamba kwa miezi miwili iliyofuata washiriki waliusoma, wakaujadili, wakaongeza na kupunguza. Mazoezi nayo yalifanyika mahali pa wazi, na wapita njia walisimama na kusema walichokiona. Watu hao walisema nini? Tungetarajia wajadili ukombozi, ardhi na tabaka, na hayo waliyajadili. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilichokuwa jirani walikaa wakapiga hesabu ya thamani ya viatu wanavyotengeneza kwa siku wakiilinganisha na mishahara yao. Hata hivyo, jambo ambalo Ngũgĩ analitilia mkazo, na ambalo wahakiki wa fasihi wamelipita haraka, ni kwamba wanakijiji waliwasahihisha wasomi namna ya kuongea. Mzee haongei hivi, walisema. Akitaka kuheshimiwa lazima atumie methali ya aina fulani. Kijana naye hamwambii mkubwa wake maneno haya. Katika arusi, wanawake waliwaonyesha waandishi jinsi majibizano ya Gĩtiro yanavyokwenda, na mjuzi wao alikuwa bibi kizee asiyejua kusoma.

Haya ni masahihisho, si maoni. Hakuna aliyeulizwa kama ameipenda tamthiliya. Aliyesema kwamba mzee haongei hivyo alikuwa anatoa hukumu ya rejesta, na katika hukumu hiyo alikuwa mtaalamu kuliko mwandishi. Elimu yake haikuwa ya tamthiliya bali ya lugha jinsi inavyotumika baina ya watu wenye umri, jinsi na hadhi mbalimbali. Hapa isimujamii haikuhitaji hojaji. Hoja yangu inaanzia hapa: hadhira ya kawaida inaweza isiwe na neno la kusema kuhusu muundo wa tendo la pili, lakini hakuna mzungumzaji asiyejua ni nani anaweza kumwambia nani neno gani.

Jambo la pili la Kamĩrĩthũ ni muda. Marekebisho hayakufanyika katika kikao kimoja. Watu walewale walirudi, wakasikia kwamba neno lao limeingia, wakapata ujasiri wa kusahihisha jingine. Mwaka 1982, Maitũ Njugĩra iliponyimwa jukwaa la taifa Nairobi, mazoezi yake ya wazi katika Chuo Kikuu cha Nairobi yalihudhuriwa na maelfu ya watu kabla hayajasimamishwa. Hadhira ilikuwa imekwisha kujifunza kwamba zoezi nalo ni mali yake. Kikao kimoja cha alasiri, ambacho ndicho desturi yetu, hakiwezi kuzaa uhusiano wa namna hiyo.

3. Kinywa cha msomaji

Nikitoka Kamĩrĩthũ na kurejea katika Kiswahili, natumia mfano niliobuni mwenyewe ili nisiguse rasimu ya mtu. Mtungaji ameandika kijana akimuaga mama yake kijijini: "Mama, nimeamua kwenda mjini ili nikatafute ajira." Sentensi haina dosari ya kisarufi, na mhariri hataigusa. Msomaji anayeishika karatasi kwa mara ya kwanza anasema: "Mama, nimeamua kwenda mjini kutafuta ajira." Ameiacha ili na kiambishi chake bila kujua. Kisha, katika safu ya tatu, mama mmoja ananong'ona: "maisha." Kutafuta maisha.

Yametokea mambo mawili, na yote mawili yamemfikia mtungaji bure. La kwanza ni la kisintaksia: ulimi umekataa kishazi ambacho kalamu ilikipenda. La pili ni la kisemantiki na lina uzito zaidi. Ajira ni neno la ofisi, la takwimu na la gazeti. Kijana anayemwambia mama yake kwamba anakwenda kutafuta ajira amekwisha kuondoka; anaongea kama tangazo. Anayekwenda kutafuta maisha anaomba baraka, kwa sababu maisha ni ya wote wawili, na mama hawezi kuyakataa bila kumtakia mwanawe mabaya. Angesema "naenda kuhangaika," angekuwa anaomba huruma kabla ya safari. Maneno matatu, na kila moja linaanzisha tamthiliya tofauti. Mtungaji anaweza kuamua kubaki na ajira, na pengine atakuwa sahihi ikiwa anataka kuonyesha kijana aliyekwisha kumezwa na lugha ya mjini. Ila sasa ataichagua. Mwanzoni ilimjia tu.

Kuteleza kwa msomaji ni data bora kuliko dodoso lolote, na inashangaza kwamba katika vikao vyetu msomaji akiteleza huomba radhi na kurudia sentensi kama ilivyoandikwa. Anayesoma bila maandalizi hubadilisha endapo kuwa kama, na ijapokuwa kuwa japo; hukwama katika amba- iliyorundikiwa vishazi, akavuta pumzi mahali ambapo mhusika asingeivuta. Mwandishi anapaswa kuwa na nakala yake na kalamu ya rangi nyingine, aweke alama kila mahali ulimi ulipokwenda kwingine. Si kila alama itakuwa amri. Zipo tamthiliya ambamo ugumu wa lugha ndio mhusika mwenyewe. Katika Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba (1988), lugha ya kazi aliyoibeba afisa wa sensa inapokutana na nyumba ya Mzee Mitomingi, vichekesho vinatokana na rejesta mbili kutokutana, kuilainisha moja ni kuua zote. Msomaji akikwama katika hotuba ya diwani, huenda diwani ameandikwa vizuri.

Kitu kingine ambacho usomaji hukifichua ni maelekezo ya jukwaani. Kwa kawaida mtu mmoja hupewa kazi ya kuyasoma. Tamthiliya zetu zilizotungwa kwa ajili ya kitabu zina maelekezo marefu mno: mhusika anaingia, anatafakari, anakumbuka mateso ya ujana wake, anajuta. Yakisomwa kwa sauti, msomaji wa maelekezo anaongea kuliko mhusika yeyote, na kila aliyeko ukumbini anatambua, pasipo mhakiki kusema neno, kwamba mtungaji alikuwa anaandika riwaya.

Mwitiko wa hadhira nao unasomeka kiisimu, ila unahitaji uangalifu. Mume aliyekaa na mkewe miaka ishirini anamwita mbele ya wageni: "Rehema, mke wangu, karibu." Ukumbi unacheka. Mtungaji hakukusudia kicheko, na mwongozaji wa kikao anaweza kudhani hadhira haina adabu. Kicheko hicho ni sahihisho: watu wanajua kwamba mume huyu angesema "Mama Salma." Kinyume chake, mkwe anaingia nyumbani kwa mama mkwe na kusema "habari za mchana," na ukumbi unanyamaza kidogo. Kimya hicho kina maana yake. Kwa kanuni za mazungumzo alizozieleza Grice (1975), hadhira imechukulia kwamba kilichoachwa kimeachwa kwa makusudi. Shikamoo haikutolewa, kwa hiyo huyu mkwe ana jambo. Kwa dakika kumi zinazofuata hadhira itakuwa inaingoja dharau ambayo mtungaji hakuitunga. Anaposikia baadaye kwamba mhusika wake "hakueleweka," hatajua kwamba kosa lilikuwa katika salamu.

4. Adabu ya maoni

Usomaji ukiisha, mshereheshaji anaikaribisha hadhira kuchangia. Kuanzia hapa utanzu unabadilika. Kiisimu, mchango katika kikao cha Kiswahili una umbo lake maalumu, na yeyote aliyekaa katika mikutano yetu ya kitaaluma analitambua: salamu kwa meza kuu, pongezi kwa mwandishi, kujishusha (mimi si mtaalamu wa tamthiliya), kisha ila, kisha ushauri. Mchangiaji wa pili anaungana na mchangiaji aliyetangulia. Kama aliyetangulia alikuwa profesa, wanaungana naye hadi wa mwisho.

Brown na Levinson (1987) wangesema kwamba mchangiaji analinda uso wa mwandishi, na Pomerantz (1984) ameonyesha kuwa tathmini isiyokubaliana huchelewa na huja imevikwa. Sina ugomvi na adabu hiyo. Ni sehemu ya ustaarabu wa lugha yetu, na mwandishi mchanga anaihitaji. Tatizo ni kudhani kwamba kinachokuja baada ya ila ndicho mtu alichokipata alipokuwa anasikiliza. Mara nyingi sicho. Ni kile anachoona kinafaa kusemwa hadharani na mtu wa hadhi yake, na kwa hadhira iliyosomea tamthiliya darasani, kinachofaa kusemwa ni dhamira, ujumbe, na kama mwisho unaelimisha jamii. Mtu yuleyule aliyenong'ona "maisha" katika safu ya tatu, akipewa kipaza sauti, atasema tamthiliya ni nzuri na inatufundisha kuhusu athari za vijana kukimbilia mijini.

Njia inayopendekezwa sana kimataifa ni ile aliyoibuni mwanadansi na mtunzi wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, mwaka 1990. Ina hatua nne: wasikilizaji wanasema kilichokuwa na maana kwao, msanii anauliza maswali yake, wasikilizaji wanauliza maswali yasiyobeba hukumu, na hatimaye maoni yanatolewa, lakini kwa idhini ya msanii. Ni njia yenye hekima, na imewaokoa wasanii wengi dhidi ya watu wanaotaka kuwaandikia kazi zao. Ninayo mashaka mawili kuhusu kuihamishia kwetu kama ilivyo.

La kwanza linahusu hatua ya tatu. Swali lisilobeba hukumu si jambo jepesi katika Kiswahili. "Kwa nini mama anakufa?" kwa sikio letu ni nusu ya lawama, ni swali la mzazi kwa mtoto aliyevunja chungu. Mchangiaji mwenye nia njema anauliza kwa nini, na mwandishi anaanza kujitetea. Lugha inazo njia nyingine, kama ilikuwaje, au "nilipofika pale nilitaka kujua." Mwongozaji asiyezifahamu anaweza kuifuata njia ya Lerman neno kwa neno na bado akaendesha kesi.

La pili ni la msingi zaidi. Hatua zote nne zinachukulia kuwa mrejesho ni kauli kuhusu kazi. Ushahidi wa sehemu ya tatu unaonyesha kwamba mrejesho wenye manufaa kwa lugha ya tamthiliya ni kitendo ndani ya kazi. Badala ya kuwauliza watu wanaonaje, ni afadhali kuwaomba wasimulie. Mwombe mmoja amweleze aliyechelewa kufika ni nini kimetokea. Katika kusimulia, wahusika wenye uhai wataitwa kwa majina, na wasio na uhai watakuwa "yule shemeji." Kauli zilizotua zitarudi jinsi zilivyotamkwa, au zitarudi zimeboreshwa. Tukio ambalo mtungaji aliliona kuwa kilele linaweza lisitajwe kabisa. Msimulizi hatakuwa amemvunjia mtu heshima, kwani hakuombwa kuhukumu. Kwa jamii iliyozoea hadithi, ambamo fanani akisema paukwa hadhira haina budi kujibu pakawa, hili si zoezi la kigeni. Penina Muhando alilijua alipompa msimulizi nafasi katika Nguzo Mama (1982), na miradi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo ambayo yeye na wenzake waliiendesha Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 hadi 1983, ilitegemea wanakijiji kulieleza tatizo lao kwa ngoma na maigizo kabla ya kulijadili.

Hata hivyo, Malya haipaswi kuchanganywa na ninachokitetea hapa. Kule lengo lilikuwa jamii izungumze kuhusu mimba za wanafunzi. Onyesho lilikuwa chombo, na mjadala ndio tunda. Katika usomaji wa rasimu, mjadala ni chombo na tamthiliya ndiyo tunda. Mkanganyiko wa malengo haya mawili umetugharimu. Vikao vingi vya tamthiliya mpya, hasa vinapofadhiliwa na miradi yenye mada yake tayari, huendeshwa kwa maswali ya Malya bila subira ya Malya: watu wanaulizwa wamejifunza nini, na rasimu inarudi ikiwa na ujumbe mwingi kuliko ilivyokwenda.

5. Hadhira inapodai maana nyingine

Wapo watakaosema kwamba hadhira ikipewa kalamu itaiua tamthiliya ngumu. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971) inaanza kwa mchezo ndani ya mchezo, shetani na binadamu, unaochezwa na vijana wawili, Juma na Kitaru, na haimwambii mtu waziwazi kivuli hicho kinaangukia wapi. Ingesomwa hadharani ikiwa rasimu, na mwandishi akatii, pengine tungepata tamthiliya iliyofafanua kila kitu, na leo tusingekuwa na sababu ya kuirudia. Huko Marekani malalamiko haya yamekwisha kuandikiwa kitabu: Outrageous Fortune cha Todd London na wenzake (2009) kimekusanya uchungu wa waandishi ambao kazi zao husomwa, hujadiliwa, hurekebishwa, husomwa tena, na haziigizwi. Usomaji ukigeuka mahali ambapo tamthiliya inawekwa ili isiigizwe, ni bora usiwepo.

Lakini kuna namna ya kumsikiliza mtu bila kumtii. Mfano ninaoupenda ni wa Brecht, ambaye si mgeni kwa wasomaji wa Hussein. Mwaka 1930, yeye na Kurt Weill walitoa opera ya shule, Der Jasager, iliyotokana na tamthiliya ya Kijapani ya mtindo wa No. Mvulana anajiunga na safari ya milimani ili amletee mama yake mgonjwa dawa, anaugua njiani, desturi inataka aulizwe kama anakubali kuachwa ili wengine waendelee, na desturi hiyohiyo inataka ajibu ndiyo. Anajibu ndiyo na kutupwa bondeni. Wanafunzi wa Shule ya Karl Marx, Neukölln, Berlin, waliijadili na wakapinga: kwa nini akubali? Brecht angeweza kumfanya mvulana akatae, akawaridhisha. Angeweza pia kuwaambia hawajaelewa. Aliandika upya Der Jasager ili kifo kiwe na sababu yenye uzito, safari ikiwa sasa ya kutafuta tiba ya mji mzima uliopatwa na ugonjwa, kisha akaandika tamthiliya ya pili, Der Neinsager, ambamo mvulana anakataa na desturi mpya inazaliwa. Akachapisha na majadiliano ya wanafunzi pia.

Kinachonivutia ni kwamba pingamizi la wanafunzi lilikuwa, kwa sehemu, pingamizi kuhusu tendo-uneni. Swali ambalo jibu lake limekwisha kuamuliwa ni swali kweli? Walisikia kasoro ya kimazungumzo, na Brecht aliijibu katika kiwango hichohicho, kwa kuliruhusu jibu la pili liwezekane. Hakuongeza hotuba ya kufafanua. Tukirudi kwa Mashetani, hadhira ya rasimu ingekuwa na haki ya kusema kwamba Kitaru haongei kama kijana wa nyumba yake, na mwandishi angepata faida kulisikia hilo. Isingekuwa na haki ya kudai aambiwe shetani ni nani. Mpaka huo unaweza kuchorwa mapema na mwongozaji, kwa kuamua ni maswali gani yataulizwa na yapi hayataulizwa.

6. Mhariri, lahaja na rasimu

Masahihisho yanayotoka kwa hadhira yatakutana mbele ya safari na masahihisho ya aina nyingine. Kitabu cha shule hupitia kwa mhariri na, kwa Tanzania, lugha yake hupatiwa ithibati ya Baraza la Kiswahili la Taifa. Kazi hiyo ni ya lazima, na hufanywa kwa macho. Jicho linatafuta usanifu. Sikio linatafuta mtu. Mhariri makini anayekutana na "naenda kutafuta maisha" hana cha kusahihisha, lakini akikutana na "yuwaja" katika kinywa cha bibi wa Mombasa, au "skuli" katika kinywa cha mwalimu wa Unguja, anaweza kushawishika kuweka anakuja na shule. Tamthiliya iliyosomwa hadharani ina hoja ya kujitetea mbele ya mhariri huyo: neno hili lilisikika, watu walilitambua, na mhusika aliaminika kwa sababu yake. Ambayo haikusomwa ina kamusi peke yake.

Hata hivyo hadhira nayo ina kwao. Ukumbi wa Dar es Salaam unaweza kucheka "yuwaja" kwa ugeni, na kicheko hicho si sahihisho la namna ya kile cha Mama Salma. Kwa sababu hiyo, rasimu yenye wahusika wa Pemba haifai kusomwa Mlimani peke yake. Gharama ya kuisafirisha si kubwa. Usomaji hauhitaji zaidi ya nakala, viti, na watu sita wanaojua kusoma kwa sauti. Kinachohitajika zaidi ni kuamua kwamba kusikiwa na watu wa mahali tamthiliya inapotokea ni sehemu ya utunzi.

Limebaki suala la umiliki. Ngaahika Ndeenda ilichapishwa kwa majina ya watu wawili, ingawa Ngũgĩ mwenyewe ameeleza kwamba wengi waliiandika. Kikundi cha Paukwa kiliitoa Ayubu (1984) kwa jina la kikundi. Njia zote mbili zina uaminifu wake, na sidhani kwamba bibi aliyenong'ona neno moja anadai jalada. Anachodai, kama anadai, ni kwamba neno lake lisipotee bila kujulikana lilitoka wapi. Idara zetu za Kiswahili na za sanaa za maonyesho zinaweza kulitimiza hilo kwa kuhifadhi rasimu iliyosomwa pamoja na nakala yenye alama za usomaji: mahali ulimi ulipoteleza, mahali ukumbi uliponyamaza, neno lililotajwa kutoka safu ya tatu. Nakala tatu za tamthiliya moja, yaani ile ya kabla ya usomaji, ile yenye alama, na ile iliyochapishwa, zingempa mwanafunzi wa umahiri data ya mazungumzo ya Kiswahili ambayo sasa anaitafuta katika vitabu vilivyokwisha kunyooshwa.